Mcheza kwao hutunzwa? Kisa cha Seraphino Antao na mpwa wangu wa Kitengela

Wiki tatu zilizopita dada yangu alinipigia simu kutoka Mombasa, sauti imemkauka. "Kaka, wewe ndiye mjomba wake na ndiwe uliye naye huko. Zungumza na mtoto, mimi hanisikii."

Mtoto mwenyewe ana miaka kumi na saba na yuko kidato cha tatu. Anakaa kwangu hapa Kitengela, kaunti ya Kajiado, tangu alipoingia sekondari. Kila siku baada ya Alasiri huwa uwanjani, uwanja wa changarawe usio na hata jani la nyasi, akicheza winga wa kulia. Nisimpunguzie haki yake: ana mbio. Akiuchukua mpira pembeni, mabeki hubaki kumtazama mgongo.

Basi kuna bwana mmoja amemwona. Amekuja na karatasi na maneno matamu. Anataka kijana aache shule muhula huu, aingie kambini, halafu baada ya mwaka mmoja apelekwe nje kujaribiwa. Familia itoe ada ya kumsajili. Ukiuliza kambi iko wapi, jibu ni refu. Ukiuliza nje ni wapi, jibu ni refu zaidi.

Nilipomketisha kijana, alinijibu kwa adabu lakini kwa uthabiti. "Mjomba, mpira hausubiri. Nikimaliza shule, nikaenda chuo, nitakuwa nimeshazeeka."

Nitasema kweli, hapo nilikosa la kumjibu. Wazee wetu wenyewe walisema ujana ni moshi, ukienda haurudi. Maisha ya mchezaji ni mafupi, na mwenye mbio ndiye maisha yake mafupi zaidi. Kijana hakukosea hesabu. Ila hesabu yake iliishia katikati, na ili kuimaliza nilimtajia jina moja la Mombasa.

"Unamjua Seraphino Antao?"

Hakumjua. Niliwauliza na wenzake kumi na mmoja waliokuwa wakifunga kamba za viatu. Hakuna aliyemjua, na wawili kati yao ni watoto wa Pwani kama yeye.

Seraphino Antao alizaliwa Mombasa mwezi wa Oktoba 1937, katika jamii ya Wagoa, wale jirani zetu waliotokea Goa kule India, ambao majina yao ya Kireno tumekua tukiyasikia kwenye maofisi, mabendi na viwanja vya hoki. Kama vijana wengi wa mji, alianzia kwenye kabumbu. Mnamo 1956 hivi akaingia katika mbio fupi, na miguu iliyokuwa ikifukuza mpira ikaanza kufukuza saa.

Mwaka 1958 alikwenda Cardiff kwenye michezo ya Jumuiya ya Madola, na 1960 akaenda Roma kwenye Olimpiki. Kote huko alirudi bila medali. Kisha ikafika Novemba 1962, mjini Perth, Australia ya magharibi. Michezo ile wenyeji wanaikumbuka hata leo kwa joto lake kali, lakini kwa mtoto wa Mombasa joto si habari.

Alishinda mbio za yadi 100 kwa sekunde 9.5, kisha akashinda za yadi 220 kwa sekunde 21.1. Kwa vijana waliokulia kwenye mita, yadi 100 ni mita 91 na nusu hivi, na yadi 220 ni kama mita 201. Kabla ya siku zile hakuna Mkenya aliyewahi kupata dhahabu katika michezo ya Madola. Dhahabu ya kwanza ya Kenya haikuletwa na mkimbiaji wa masafa marefu kutoka milimani. Ililetwa na mtu wa mbio fupi kutoka usawa wa bahari, kisiwani kwetu.

Ukijumlisha fainali zake mbili, alikimbia sekunde 30.6. Hata nusu dakika na ushei haijai vizuri. Huo ndio ulikuwa upeo wa kazi yake yote ya michezo.

Baada ya hapo Kenya ikapata uhuru, Desemba 1963. Oktoba mwaka uliofuata ilikwenda Tokyo, Olimpiki yake ya kwanza ikiwa nchi huru, na aliyeibeba bendera mbele ya dunia alikuwa Antao. Lakini huko Tokyo alikuwa mgonjwa na hakufika fainali. Medali ya Kenya safari ile ililetwa na Wilson Kiprugut, shaba ya mita 800, ambayo ndiyo medali ya kwanza ya nchi hii katika Olimpiki. Muda si mrefu Antao akaacha kukimbia. Hakuwa amefika hata miaka thelathini. Alihamia Uingereza, akaishi huko, na akafariki London mwezi wa Septemba 2011 akiwa na umri wa miaka 73.

Kwa nini kazi ile ilikuwa fupi hivyo? Sababu ya kwanza ni sheria za riadha za wakati ule. Mkimbiaji alitakiwa awe wa ridhaa tu. Akipokea fedha kwa kukimbia, alifungiwa. Kwa hiyo bingwa wa Madola alirudi nyumbani na medali, na asubuhi yake ilikuwa lazima aende kazini kama wenzake. Ukishaoa, ukapata watoto na kodi ya nyumba, mazoezi ya jioni yanaanza kuonekana anasa. Waliodumu mara nyingi walikuwa na mwajiri anayewaruhusu kukimbia, kama Kiprugut aliyekuwa mwanajeshi. Hadi leo wakimbiaji wetu wengi huandikwa jeshini, polisi au magereza kwa sababu hiyo hiyo.

Sababu ya pili ni mwili. Mbio fupi hazina huruma. Msuli ukikatika kidogo tu, msimu umekwisha, na tiba za zamani hazikuwa hizi za leo.

Lakini ufupi si jambo linaloniumiza zaidi. Linaloniumiza ni orodha ya waliokimbia naye fainali ile ya yadi 100. Nilimsomea kijana mmoja mmoja.

Wa pili alikuwa Tom Robinson wa Bahamas. Leo uwanja wa taifa wa Bahamas, mjini Nassau, unaitwa kwa jina lake. Wa tatu alikuwa Mike Cleary wa Australia. Huyu alicheza raga ya kulipwa, akaingia siasa, na miaka ya 1980 akawa waziri wa michezo wa jimbo la New South Wales. Mwingine alikuwa Harry Jerome wa Canada, aliyekuwa mmoja wa wenye rekodi ya dunia ya mita 100 wakati ule. Katika fainali ile ile alikatika msuli wa paja vibaya, akamaliza wa mwisho. Magazeti ya kwao yalimsema maneno makali. Akatibiwa, akarudi, na miaka miwili baadaye akapata shaba Tokyo. Sanamu yake imesimama katika bustani kubwa ya Vancouver, akiwa ameinama kukata utepe.

Wa pili ana uwanja, wa tatu alipata uwaziri, na wa mwisho ana sanamu. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, nimepita miaka arobaini na kitu, na sijawahi kukanyaga uwanja wala kupita mtaa wenye jina la aliyekuwa wa kwanza.

Waswahili tunasema mcheza kwao hutunzwa. Msemo huo tunaupenda sana harusini. Uwanjani tumeusahau.

Kijana akanijibu, "Lakini mjomba, hao ni nchi tajiri." Jibu lake lina ukweli, ingawa Bahamas ni visiwa vidogo kuliko kaunti zetu nyingi. Nikamwambia tukae hapo hapo Australia, kwa sababu mwaka ule ule wa 1962 kulikuwa na mchezaji wao mmoja ambaye kisa chake kinaeleza vizuri jambo nililotaka alione.

Waaustralia wana kandanda yao wenyewe, si hii yetu. Uwanja wake ni wa duara refu kama yai, na mpira nao ni wa yai. Kila upande una watu kumi na wanane, mpira unadakwa kwa mikono na kupigwa kwa mguu, na kila mwisho wa uwanja una nguzo nne. Ukipitisha mpira katikati ya zile mbili za ndani ni goli la pointi 6, ukipitisha kando ni pointi 1. Mwenye kuruka juu akaudaka mpira hewani juu ya mabega ya watu ndiye kipenzi cha mashabiki.

Mruko wa namna hiyo ulikuwa wa John Coleman, wa klabu ya Essendon mjini Melbourne. Mechi yake ya kwanza ya ligi kuu ilikuwa 1949, akiwa na miaka 20, na siku hiyo hiyo akafunga magoli 12. Msimu ule wa kwanza alifikisha magoli 100, na la mia alilifunga katika fainali. Mwaka 1954, wiki moja baada ya kufunga magoli 14 katika mechi moja, alianguka vibaya na goti likatoka mahali pake. Alikuwa na miaka 25. Hakucheza tena. Jumla yake ni mechi 98 na magoli 537.

Misimu sita, tena wa sita haukukamilika. Ni kifupi kuliko cha Antao. Lakini angalia yaliyofuata. Wachezaji wa ligi ile wakati huo walikuwa na kazi zao za siku za wiki, na posho ya mechi ilikuwa ndogo na yenye kikomo. Goti lilipovunja mchezo, halikuvunja maisha. Coleman aliendelea na biashara zake. Mwaka 1961 klabu yake ikamwita awe mkufunzi. Mwaka 1962, miezi miwili kabla ya Antao kushinda Perth, Essendon ikatwaa ubingwa chini yake, ikautwaa tena 1965. Alifariki 1973, kabla ya kufika miaka 45. Leo mfungaji bora wa ligi yao hupewa medali inayoitwa kwa jina lake, kwa hiyo kila mwaka watoto ambao baba zao hawakuwahi kumwona wanalitaja.

Na si Coleman peke yake. Ligi ile imeandika jina la kila aliyewahi kuichezea tangu ilipoanza 1897. Hata kijana aliyeitwa Jumamosi moja tu kwa sababu mwenzake aliumwa, akacheza, asiitwe tena, jina lake lipo, na mechi yake moja ipo. Mjukuu wake akitaka kujua, anaonyeshwa.

Sasa mjukuu wa Mombasa aende wapi? Baba yangu, Mungu amrehemu, alituambia kuwa ujanani alicheza kabumbu misimu miwili kabla ya kuvunjika kifundo. Sina karatasi, sina picha, sina mtu aliye hai wa kunithibitishia. Mpwa wangu aliniuliza, "Babu alicheza kweli?" Nilimwambia ndiyo. Ushahidi wangu ni kovu nililoliona akitawadha.

Jirani yangu hapa ni mzee wa Kimaasai ambaye ng'ombe wake walilisha katika ardhi hii kabla Kitengela haijawa maghorofa na maduka ya vifaa vya ujenzi. Jioni hukaa nje ya lango lake, mimi nikitoka msikitini humpa mkono. Nilimweleza mashaka yangu juu ya kijana. Akacheka kidogo, akasema, "Nyinyi mnamtafutia mtoto mlango wa kuingilia. Wa kutokea mmemwonyesha?"

Nikamwomba anifafanulie. Akanieleza habari ya umorani, ambayo wengi wetu wa Pwani tunaijua kwa picha za watalii tu. Morani ni askari wa jamii. Ni umri wa sifa: nywele ndefu zilizopakwa udongo mwekundu, kuruka, mkuki, wasichana wakiimba. Lakini kila morani anajua tangu siku ya kwanza kuwa umri ule una mwisho. Inakuja sherehe iitwayo Eunoto, mama yake anamketisha na kuzinyoa zile nywele. Mzee aliniambia wapo wanaume wasiomwogopa simba lakini hulia siku ile wembe unapopita. Baada ya hapo njia ya kuelekea uzee imefunguka: anaoa, anajenga boma, anaanza kusikilizwa kwenye vikao. Ushujaa wake unabaki kuwa wake. Kilichokwisha ni kazi, si mtu.

Katika kaunti hii hii ya Kajiado, kule Kimana karibu na Amboseli, tangu 2012 vijana wa Kimaasai hukutana kwenye michezo yao wenyewe: kurusha rungu na mkuki, kuruka juu, na kukimbia. Ilianzishwa ili sifa ambayo zamani morani aliitafuta kwa kuua simba aipate uwanjani. Jamii ile iliona kwamba mlango mmoja umefungwa, ikawafungulia vijana wake mwingine.

Maneno ya yule mzee ndiyo niliyokuwa nikiyatafuta tangu dada aliponipigia. Mpira na riadha za kwetu hazina Eunoto. Tuna watu wa kuwaingiza vijana: wakufunzi, mawakala, mashabiki, mabango. Hatuna wa kuwatoa. Siku goti likikatika, simu hazilii tena. Kijana anabaki na jezi kuukuu na cheti cha nusu ya sekondari.

Kwa hiyo sikumwambia mpwa wangu aache mpira. Ningemwambia hivyo ningekuwa namwongopea, maana kipaji ni amana ya Mwenyezi Mungu na amana haitupwi. Tulimwita yule bwana nyumbani, tukampa chai, tukamwomba aandike mambo matatu na kutia sahihi. La kwanza, kijana atasoma wapi akiwa kambini na atafanya mtihani wa kidato cha nne mwaka gani. La pili, akiumia, nani atalipa hospitali na kwa muda gani. La tatu, ile ada inalipia nini, na ikiwa safari haikutimia itarudishwa vipi. Hatukumtukana wala kumshuku mbele ya watu. Alisema atarudi na majibu. Hadi ninapoandika haya hajarudi.

Mzazi yeyote wa Likoni, Kisauni, Malindi au Lamu akijiwa na mtu wa aina hii, naomba aulize hayo matatu. Mwenye nia njema atayajibu bila kukasirika, kwa sababu yeye mwenyewe angeyauliza kwa mwanawe.

Na kuna kazi nyingine ambayo haihitaji wakala wala serikali. Mwaka 2022, mjini Birmingham, Ferdinand Omanyala, naye aliyewahi kucheza raga kabla ya kuingia mbio fupi, alishinda mita 100 za Madola kwa sekunde 10.02. Miaka 60 ilikuwa imepita tangu Antao. Hapo ndipo jina la Antao liliposikika tena kwa siku chache, likanyamaza. Wapo wazee wetu waliomwona akifanya mazoezi Mombasa. Wapo waliocheza kabumbu miaka ile, misimu miwili, mitatu, wakavunjika au wakaoa au wakasafiri. Wengi wamebakiza muda mchache. Ukiwa na babu wa namna hiyo, kaa naye Ijumaa hii baada ya chakula. Chukua daftari. Andika timu, mwaka, nafasi aliyocheza, waliocheza naye. Ukipata picha, andika majina nyuma yake kwa kalamu. Uwanja wenye jina la mtu tutausubiri viongozi. Daftari halimsubiri mtu.

Kijana alininunia siku mbili. Siku ya tatu, baada ya Alasiri, alinijia na utepe wa kupimia alioazima kwa fundi. "Mjomba, yadi mia ni mita ngapi ulisema?" Tukapima mita 91 na nusu kwenye ile changarawe, nikashika simu mkononi, akakimbia. Nilipomwonyesha sekunde 11.8, alikaa chini akihema, akatazama alikotoka, halafu akacheka.

"Huyo mzee wa Mombasa angekuwa ashafika," akasema, "anakunywa maji."